Mswaki wa asubuhi hauwezi kazi ya usiku

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Naishi Makorora, Tanga, na nina mimba ya miezi mitano. Kila asubuhi kabla ya chai tunapiga mswaki kwa dawa ya meno ya dukani. Pamoja na hayo fizi zangu zinatoka damu, na huyu mkubwa meno ya mbele ya juu yameingia rangi ya kahawia na gego moja la chini limetoboka. Mama mkwe anatumia mswaki wa mti tangu usichana wake na meno yake karibu yote yapo. Anasema dawa za dukani ndizo zinazotuharibu, turudi kwenye mswaki wa mti, mkaa na chumvi. Je, ni kweli? Na nyumba kama yangu ishike utaratibu gani?

Jibu: Marahaba mama, na hongera kwa ujauzito.

Mama mkwe wako ana la kweli na ana alilokosea, nitayafikia yote mawili. Tuanze na saa zenu. Mnapiga mswaki kabla ya chai, halafu basi mpaka asubuhi nyingine. Kila mlichokula kuanzia chai hiyo hadi chakula cha usiku kinalala na nyinyi. Shida yenu kubwa iko hapo, kuliko aina ya mswaki na kuliko aina ya dawa.

Watu husema jino limeliwa na mdudu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayupo. Kilichopo ni utando laini wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi, katikati ya jino na jino, na ndani ya mifereji ya magego. Kwangua jino kwa ukucha asubuhi kabla ya mswaki, utatoka na kitu cheupe chenye utelezi. Ndio huo. Bakteria hao wakipata sukari huigeuza asidi ndani ya dakika chache, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Kisha mate huja taratibu, yakaizimua asidi na kulirudishia jino sehemu ya madini yake. Kazi hiyo huyachukua kama nusu saa, pengine saa nzima. Kutwa jino linapoteza na kurudishiwa. Likipoteza mara nyingi kuliko linavyorudishiwa, linatoboka.

Ndiyo maana idadi ya mara unazokula kitu kitamu ina uzito kuliko wingi wa sukari ya mara moja. Hesabu siku ya mtoto wa mtaani kwenu: saa kumi na mbili asubuhi chai ya maziwa yenye sukari na kitumbua, saa nne pipi au biskuti, mchana baada ya wali, juisi ya ukwaju, saa tisa barafu ya ubuyu, saa kumi na moja chai tena na visheti, usiku kikombe cha maziwa matamu kitandani. Mara sita. Kila mara mate yanaanza kazi upya, na mara nyingine yanakatishwa kabla hayajamaliza. Mtoto aliyekula visheti vitatu kwa mpigo pamoja na chai kaliumiza jino lake mara moja. Aliyekula kisheti kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni kaliumiza mara tatu.

Ubuyu wa kupakwa sukari na rangi unastahili neno lake peke yake, maana watoto wa pwani wanaupenda na wazazi huuona kama tunda. Una asidi yake wenyewe, una sukari, na mtoto huimumunya kokwa moja kwa dakika kumi huku akiihamisha shavu hadi shavu. Afadhali kipande cha halua baada ya chakula, kikaliwa kikaisha, kuliko pakiti ya ubuyu inayotembea mfukoni kutwa. Soda nayo ni hivyo hivyo: chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba au zaidi, na anayeinywa kidogo kidogo kwa saa zima analiweka jino kwenye asidi saa hilo zima. Simwambii mtu wa Tanga aache visheti. Ninachosema ni kwamba kitamu kikae na chakula, na baina ya milo iwe maji, karanga, korosho, tango au kipande cha nazi. Dafu lina sukari yake ya asili, lakini likinywewa mara moja likaisha halina neno. Chai ya saa kumi na moja jitahidini kuipunguza sukari hadi kijiko kimoja, kisha nusu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Sasa usiku. Ukilala, mate hupungua mno. Yule mlinzi anayezimua asidi hayupo kazini, na kilichobaki kinywani kina saa saba au nane za kufanya kitakavyo. Kama hali inakulazimisha upige mswaki mara moja tu kwa siku, basi iwe usiku, kitu cha mwisho kabla ya kulala, na baada yake yasiingie kinywani ila maji. Lakini bora upigwe mara mbili: usiku, na asubuhi. Asubuhi kabla ya chai ni sawa, usibadilishe.

Dawa ya meno chagua kwa kusoma tyubu, usiangalie rangi wala tangazo. Tafuta neno linaloanza na herufi fluor, na namba iliyo kati ya 1000 na 1500 mbele ya herufi ppm. Hicho ndicho kipimo cha floraidi, madini yanayolisaidia jino kurudishiwa kilichotoka na kuifanya enameli iwe ngumu zaidi mbele ya asidi. Dawa isiyo na floraidi, hata ikiandikwa mwarobaini, karafuu au mkaa, itakupa harufu nzuri na usafi, lakini kinga hiyo haina. Mtu mzima inamtosha dawa ya ukubwa wa punje ya njegere. Mkubwa wako wa miaka minne naye ni punje ya njegere. Mdogo mpakie kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Tyubu ikae juu wasikoifikia, kwa sababu watoto huilamba kama pipi.

Ukimaliza, tema. Tema tena. Usisukutue kwa maji. Hapa ndipo watu wengi wanapoitupa dawa waliyoinunua: wanapiga mswaki vizuri, halafu wanajaza kikombe, wanasukutua mara tatu, na floraidi yote inakwenda na maji. Mabaki kidogo yanayobaki juu ya meno ndiyo yanayofanya kazi usiku kucha. Kinywa kitaonekana kizito siku tatu nne za mwanzo, kisha utazoea.

Mswaki uwe wenye nywele laini na kichwa kidogo. Huo mgumu unaosifiwa kwamba unang'arisha hukwangua ufizi ukarudi nyuma, na mzizi ukibaki wazi ndipo maji baridi yanapoanza kuchoma. Ushike kwa vidole kama kalamu, usiukamate kwa ngumi. Ulaze kwa mshazari, nusu ya nywele juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa ufizi, uuchezeshe kwa miduara midogo kwenye meno mawili matatu huku ukihesabu hadi kumi, ndipo usogee. Anzia sehemu ngumu, yaani upande wa ndani wa magego ya chini, ule unaogusana na ulimi. Karibu kila mtu huanzia meno ya mbele yanayoonekana, na akifika ndani ameshachoka. Nje, ndani, juu ya kutafunia, halafu ulimi. Dakika mbili kamili, na ukizitazama kwenye saa ya simu mara ya kwanza utashangaa zilivyo ndefu. Katikati ya meno mswaki haufiki. Uzi wa kusafishia meno ukiupata kwenye duka la dawa, kata kama sentimita 40, uzungushe kwenye vidole vya kati, uteremshe polepole na uukumbatishe jino hili kisha lile, mara moja kwa siku. Kijiti laini cha meno kinaondoa nyama iliyonasa, lakini sindano, pini na wembe viache kabisa. Kwa unyevu wa hewa ya Tanga, mswaki usiufungie kwenye kifuniko wala mfuko. Usimamishe kwenye kikombe mahali penye hewa ukauke. Badilisha kila miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikishapanuka. Kila mtu awe na wake.

Nirudi kwa mama mkwe. Mswaki wa mti ni kifaa halali cha kusafisha meno. Nyuzi zake huondoa utando kama nywele za plastiki, na anayeutumia vizuri mara kadhaa kwa siku, kwa mfano kila anapojiandaa kwa sala, anaweza kuwa na fizi safi kuliko anayepiga mswaki wa dukani harakaharaka mara moja. Hapo yuko sahihi, na usibishane naye. Lakini zingatia pia kwamba katika usichana wake huenda soda, biskuti na pipi hazikuwa za kila siku kama zilivyo kwa wajukuu zake. Mti ulipambana na adui mdogo. Floraidi iliyomo kwenye mti ni kidogo mno kuweza kuchukua nafasi ya dawa.

Basi auendeleze, ila kwa namna hii. Achukue kijiti kibichi, unene wa kidole kidogo, amenye ganda kama sentimita moja tu, akitafune mpaka kiwe brashi laini. Kikiwa kimekauka akiloweke kwanza kwenye maji safi. Asikipeleke kushoto na kulia kwa nguvu kama msumeno, maana huko ndiko kunakochimba shingo za meno. Avute kutoka ufizini kwenda ncha ya jino, moja moja. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kijiti kirefu hakigeuki vizuri, na papo hapo ndipo mate yanapomwagikia na utando hugeuka jiwe upesi, kwa hiyo apashughulikie kwa ncha ya nyuzi. Kila siku akate nyuzi za jana. Na usiku apake dawa ya floraidi juu ya nyuzi hizo hizo. Mti na tyubu havigombani.

Mkaa na chumvi ya mawe ni jambo jingine. Vinang'arisha kwa kukwangua, kama mchanga unavyong'arisha sufuria, na enameli iliyokwanguka haioti tena. Kusugulia ndimu ni vibaya zaidi, maana hiyo ni asidi tupu. Chumvi ina nafasi yake: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, kusukutua ufizi ulioumia kwa siku chache. Na ukila machungwa ya Muheza, embe mbichi kwa pilipili au ukwaju, subiri nusu saa kabla ya mswaki. Enameli iliyolainishwa na asidi hukwanguka kwa urahisi. Sukutua kwa maji tu, mate yafanye kazi yao kwanza.

Hofu ya dawa za dukani nadhani naijua inakotoka. Watu wameona meno ya kahawia ya wenzetu waliokulia Arusha, Manyara au Kilimanjaro, wakasikia kwamba ni floraidi. Ni kweli ni floraidi, lakini ni ile ya maji ya kunywa na magadi ya kupikia, iliyoingia mwilini miaka ya utotoni wakati meno yanaumbwa ndani ya taya. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na yapo maeneo ya bonde la ufa yanayopita hapo mara kadhaa. Tanga mjini tunakunywa maji ya mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, na pwani yetu haimo katika ukanda huo. Punje ya njegere ya dawa inayotemwa haiwezi kufanya hayo. Kahawia ya mwanao ni kuoza.

Kwa huyo mtoto, piga mswaki wewe mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hana mkono wa kazi hiyo. Aanze yeye kwa raha yake, umalizie wewe, na uendelee hivyo hadi afike miaka saba au minane. Mlaze kichwa mapajani kwako au simama nyuma yake akiegemea tumbo lako, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, uone unachokisafisha. Kwa mdogo wake fanya hivyo pia, na ukinyanyua mdomo tafuta mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi wa meno ya mbele ya juu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya kuoza, kabla ya kahawia na kabla ya tundu, na ikionekana mapema inarudishwa kwa dawa ya floraidi na kuacha vitamu vya usiku. Kama analala na chupa ya maziwa yenye sukari au uji, ibadilishe kuwa maji. Ukishindwa kwa siku moja, punguza: sukari ipungue kila usiku mpaka iishe, kisha maziwa yaongezwe maji mpaka yabaki maji matupu.

Usikubali maneno kwamba meno ya utoto ni ya kung'oka tu. Magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi au zaidi. Ndiyo yanayotafuna na ndiyo yanayowashikia nafasi wenzao wa ukubwani, na usaha ukikaa kwenye mzizi wake unaweza kulidhuru jino linaloumbwa chini. Karibu na miaka sita litaota gego la kwanza la ukubwani, nyuma ya yote, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, wakaliacha likaoza, na hilo halina mbadala. Kuanzia miaka mitano chungulia nyuma kila wiki.

Na mtoto utakayemzaa, pamoja na huyu mdogo, nakuomba sana: akiharisha au akipata homa, mtu akikwambia ana meno ya plastiki yachimbuliwe, kataa. Vile vivimbe vyeupe ufizini sehemu ya chonge ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Kuyachimbua kwa wembe au spoku ya baiskeli kumewatoa watoto damu nyingi, kumewapa maambukizi na kumeua, na anayepona mara nyingi hukosa chonge au huota lililopinda. Homa na kuhara vina matibabu yake kituo cha afya.

Fizi zako sasa. Damu si ishara ya kuacha kupiga mswaki mahali hapo, ingawa ndivyo wengi wanavyofanya, na ufizi ukazidi kuvimba. Ufizi unatoka damu kwa sababu utando umekaa juu yake, na homoni za mimba zinaufanya uvimbe hata kwa utando kidogo, kuliko zamani. Mtoto tumboni hachukui chokaa kwenye meno yako, hilo liondoe moyoni. Piga mswaki hapo hapo panapotoka damu, kwa upole na kwa ukamilifu, asubuhi na usiku. Ndani ya wiki moja hadi mbili damu inapaswa kupungua wazi. Isipopungua, maana yake kuna ugaga, utando uliokwisha kuwa jiwe, na huo hautoki kwa mswaki wowote. Unaondolewa kwa vifaa kliniki. Husikika ikisemwa kwamba kuondolewa ugaga hulegeza meno. Jino lililokuwa limeshikiliwa na jiwe huonekana legelege jiwe likitoka, lakini aliyelilegeza ni ugaga wenyewe. Kama unatapika asubuhi, usikimbilie mswaki. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa. Na kama unakula udongo wa mimba, ujue chembe zake zinasaga meno, mbali na mengine, uwaambie wahudumu wa kliniki.

Mwezi wa Ramadhani mpangilio unabadilika. Kuanzia futari hadi daku watu hutafuna kidogo kidogo: tende, kaimati, uji, tambi za sukari. Kusanya vitamu kwenye futari, baadaye iwe chakula cha chumvi na maji, upige mswaki kwa floraidi kabla ya kulala na tena baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri. Kuhusu mswaki mchana wa saumu muulize shehe wako. Kwa upande wa meno, nyakati hizo mbili zinatosha.

Lile gego lililotoboka halitazibika kwa utaratibu wowote wa nyumbani. Mpeleke mwezi huu, hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye huduma ya kinywa na meno, kabla halijaanza kuuma usiku. Tundu dogo huzibwa. Likifika kwenye mshipa wa jino, mara nyingi hubaki kung'oa. Likimuuma kabla hujafika, mpe dawa ya maumivu ya watoto kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usitie tunduni karafuu ya unga, petroli wala maji ya betri, na usinunue vidonge vya kuua vijidudu dukani, kwa sababu vitatuliza uvimbe kwa muda na tundu libaki pale pale. Shavu likivimba pamoja na homa, au mdomo ukashindwa kufunguka, au akashindwa kumeza, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Na siku mtakayokwenda kwa ajili yake, wewe pia chukua kadi yako ya kliniki ya wajawazito uombe kuondolewa ugaga. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mwepesi zaidi kwa kazi hiyo, kwani kichefuchefu kimepungua na tumbo bado linakuruhusu kulala chali kwenye kiti.